Nimekodi chombo cha anga Sinza kwa 80,000, nawapa nyota tatu na nusu

Haya jamani, mnaoniuliza zile picha nilizovaa kama konda wa anga nilipigia wapi, naandika mara moja tu msinijazie inboksi. Ni studio moja maeneo ya Sinza, ghorofa ya juu kabisa, juu yake ni bati tu. Jina silitaji maana nina malalamiko yangu na wenyewe nilishawaambia mdomoni. Wana kona wameijenga kama ndani ya chombo cha anga, seti ya kushika kwa mkono kabisa, sio kile kitambaa cha kijani unasimama mbele yake kama unapiga pasipoti halafu mtu akakubandikie nyota kwenye kompyuta. 80,000 kwa masaa mawili, taa zao, mashine ya moshi yao, mpiga picha unaenda na wako.

Mhusika wangu nimemtunga mwenyewe: konda wa daladala ya Mbagala–Mirihi. Helmeti ni ya bodaboda, ya kaka yangu, ya zamani. Magamba ya kifuani na mabegani nimekata kwenye ile mikeka ya povu ya watoto, ya herufi, ya kuunganisha, ipo tele Kariakoo, nikaipasha moto mpaka ikakubali kupinda nikaunga kwa gundi ya viatu (paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa hainati kidoleni ndio ubandike, ukiwa na haraka itakuumbua mbele za watu). Mkononi noti zimekunjwa kwa urefu katikati ya vidole na sarafu za kuchezesha. Hapo nimekamilika.

Sasa hiyo seti. Ukiwa mlangoni unasema nimefika Mirihi, ukisogea unaanza kucheka mwenyewe. Ukuta ni plaiwudi imebandikwa trei za mayai zikapigwa rangi ya kijivu, kuna mabomba ya maji, vizibo vya soda, rimoti za tivii zilizokufa zimekuwa dashibodi, na lile dirisha la duara mnalolisifia kwenye picha ni mlango wa mashine ya kufulia, kioo chake kipo palepale na ukichungulia pembeni bado kuna stika ya kuonya kuhusu nguo za sufu. Na wala sio ushamba, Star Wars ya kwanza inapigwa kule Uingereza mwaka 1976 mafundi wa seti walikuwa wanabandika vyuma chakavu vya ndege ukutani. Wao walikuwa na ndege, sisi tuna vyuma chakavu vya Gerezani, Kariakoo.

Faida ya seti ya kweli utaiona kwenye kioo cha helmeti. Nyuma ya trei wamepitisha taa za mkanda za buluu, chini kuna moja ya chungwa, basi nikiinamisha kichwa kidogo kioo kinashika mistari mitatu ya buluu na ule mduara wa dirisha, na ile chungwa inanigusa chini ya kidevu. Hicho kitu kwenye kitambaa cha kijani inabidi mtu akeshe anachora.

Halafu moshi. Dogo wa studio anaujua aisee, nampa heshima yake. Hapulizi ukakupiga usoni kama maharusi wanaingia ukumbini, anapuliza kidogo pembeni, anachukua kipande cha boksi anapepea kama anachochea jiko la mkaa, mnasubiri utawanyike ubaki ukungu mwepesi, hapo ndio miale ya taa inaanza kuonekana hewani kama vijiti.

Tatizo, moshi na AC haviwezi kukaa pamoja. Dakika ya kumi tu breka ikajitoa, giza. Ikarudishwa, ikajitoa tena. Dogo akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, hapa inabidi uchague, moshi au AC." Nikachagua moshi. Saa nane mchana, chini ya bati, ndani ya godoro la povu na helmeti! Jasho lilikuwa linaingia machoni siwezi kulifuta, na gundi ya bega la kulia ikalainika gamba likaning'inia, mpaka leo kuna picha mbili nimeshika bega mnadhani ni pozi, hamna, nazuia lisianguke.

Kingine, picha za mwanzo zote zilitoka na michirizi ya giza imelala kama mtu kapitisha ufagio. Tukadhani kamera imekufa. Kumbe ni zile tyubu zao za ukutani, umeme wetu ni wa 50 Hz, yaani unaenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila kamera ikipiga kwa kasi ya 1/250 ya sekunde inanasa. Mpiga picha wangu akashusha mpaka 1/100 ikatulia, ila ndio usimame kama nguzo, ukitikisika tu umeharibu. Kitu kama hiki wangekiandika hata kwenye karatasi wakabandika mlangoni, maana wao wanashinda humo kila siku.

Na hapa ndio wamenikata nyota: muda wa kuvaa wameuhesabu ndani ya masaa mawili. Gwanda la povu halivaliwi kama dera jamani, nusu saa imeisha sijafunga hata mikanda, na ile giza ya breka nayo imo humo humo. Nilipolalamika wakaniongezea dakika 15. Nilitaka nusu saa.

Ila picha mmeziona. Jumapili ijayo narudi, nimechukua ya saa moja asubuhi kabla jua halijakaa kwenye bati, naenda nimeshavaa kuanzia miguuni mpaka kifuani, bajaji ishajua, na feni ya kuchaji nabeba mwenyewe.