Nikon Coolpix P950 kwa ndege wa matopeni: ya kumjua ndege, si ya kumtundika ukutani

Maji yakikupwa Kunduchi, pwani ya Dar es Salaam, ndege wanakuwa mita mia moja mbele yako, wote rangi ya tope, na simu haikupi zaidi ya nukta. Kwa mtu anayetaka kujua yule ni nani, P950 ndiyo kamera ya kwanza kuifikiria. Anayetaka picha ya kutengenezea fremu sebuleni atafute nyingine.

Lenzi yake haibanduki. Inavuta mara 83, kuanzia milimita 24 hadi kile ambacho kwa vipimo vya filamu ya zamani ni milimita 2000. Ilitoka mwanzoni mwa 2020, ina megapikseli 16 na uzito wa kama kilo 1. Ila sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo sana, upana wake milimita 6 na kitu.

Tupige hesabu. Ndege wa sentimita 20 amesimama mita 60 kutoka ulipo. P950 ikivutwa hadi mwisho, fremu nzima inabeba upana wa mita 1 hivi, kwa hiyo ndege anapata karibu pikseli 900. Canon R10, kamera ya lenzi za kubadilisha, yenye lenzi ya RF 100-400, nayo ikivutwa hadi mwisho, inampa kama 360. Pikseli za Canon ni safi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini mdomo wa sentimita 2 unabaki na pikseli 36 kwa Canon na 90 kwa P950, na kwenye mdomo ndiko kazi ya kutambua iliko.

Chukua ndege wawili wanaofanana na kusumbua kila mtu, Charadrius leschenaultii na mdogo wake atrifrons, ambaye vitabu vya zamani vinamwandika mongolus (vitabu vipya vimewahamishia wote Anarhynchus). Mgongo kahawia, tumbo jeupe, wanasimama pamoja kwenye mchanga uleule. Subiri ndege ageuke ubavu kabisa, kisha pima kwenye picha: mdomo wa mkubwa ni mrefu kuliko nafasi ya kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, na umechongoka. Wa mdogo ni mfupi na butu. Miguu ya mkubwa huelekea kijani hafifu, ya mdogo huelekea weusi, ila kwa matope ya mikokoni miguu ya wote ni myeusi, kwa hiyo usiijengee hoja. Picha ya ndege aliyekuelekea uso kwa uso haifai kwa hawa wawili, hata iwe kali namna gani.

Wengine ni rahisi. Calidris ferruginea ana mdomo mrefu ulioinama, na akiruka kiuno ni cheupe. Calidris alba ni mweupe kuliko vitwitwi wote na hukimbizana na wimbi. Xenus cinereus ana miguu mifupi ya rangi ya chungwa na mdomo uliopinda kwenda juu. Pluvialis squatarola anajitaja mwenyewe akiinua bawa, maana kwapa lake ni jeusi. Picha moja ya bawa juu, hata ikiwa na ukungu, inamaliza ubishi. Dromas ardeola, mla kaa mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, hahitaji kamera ya kumtambua, ila ndiye anayeharibu picha nyingi. Kamera inaona tope jeusi, inaongeza mwanga, na weupe wake wote unaungua. Shusha mwanga wa picha (exposure compensation) hadi -0.7, jua likiwa kali -1.0, kabla hujaanza kupiga.

Adui mkubwa si kamera, ni mazigazi. Kuanzia saa 3 asubuhi katika miezi ya kaskazi, hewa juu ya tope inachemka, na milimita 2000 zinakuza mchemko pamoja na ndege. Wengi hudhani lenzi ni mbovu wakaipeleka kwa fundi. Jaribio ni rahisi: piga picha kumi mfululizo za ndege aliyetulia. Kama mdomo unabadilika umbo kutoka picha moja hadi nyingine, hiyo ni hewa. Dawa ni kupunguza umbali, na anayepunguza umbali ni maji.

Kwa hiyo soma jedwali la maji kabla ya kitabu cha maelekezo. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji hapa Dar hujaa kama saa 10 jioni. Ufike saa 8, ukae chini, usitembee. Maji yatawasukuma ndege kuja kwako, na jua litakuwa mgongoni kwako kwa sababu pwani yetu inatazama mashariki. Siku za maji mafu yanajaa kama saa 4 asubuhi: jua liko usoni, tope halifunikwi lote, na ndege wanabaki mbali. Tofauti hiyo inazidi tofauti ya kamera yoyote. Msimu nao una mipaka: wanaanza kuingia Agosti na Septemba, na kufikia mwisho wa Aprili wengi wamekwisha kwenda kaskazini. Machi na Aprili ndiyo tamu zaidi, wakianza kuvaa rangi za kuzalia.

Mpangilio unaofanya kazi: gurudumu la juu kwenye herufi A (unachagua tundu la lenzi mwenyewe), tundu f/6.5, ISO (wepesi wa kuhisi mwanga) ya kujiendesha isiyozidi 400, fokasi ya kiboksi kidogo katikati. Usizibe tundu hadi f/8 ukidhani utapata ukali. Kwa sensa hii unapoteza. ISO ikivuka 800, manyoya yanakuwa kama yamepakwa uji. Zima kuvuta kwa kidijitali. Hifadhi yote kwenye U ya gurudumu hilo, nafasi ya mipangilio yako. Alama ya ndege kwenye gurudumu hilohilo inamfaa anayeanza, ila haikupi faili ghafi (RAW).

Sasa kasoro. Mfululizo ni picha 7 kwa sekunde, lakini baada ya picha 10 kamera inagoma mpaka imalize kuandika kwenye kadi, na ndege huinua bawa wakati huohuo. Piga tatutatu. Fokasi hupotea kwenye mizizi ya mikoko. Ielekeze kwanza ukingo wa maji ulio umbali sawa na ndege, ndipo urudi kwake. Wanaoruka usiwahangaikie kwa 2000, baki kati ya 500 na 800. Kitufe cha pembeni mwa lenzi, ukikishikilia, kinapanua mandhari. Mtafute ndege, achia, lenzi inarudi ilipokuwa. Hicho kitufe pekee kinastahili sifa.

Betri ni kama picha 290, hivyo beba mbili za akiba. Stendi ya miguu mitatu inazama kwenye tope. Kifuko cha jinzi chenye mchele kilo moja na nusu, kikiwekwa ubavuni mwa ngalawa iliyopandishwa ufukweni, kinashika vizuri zaidi. Kamera haijazibwa dhidi ya chumvi wala maji. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa, vinginevyo kioo kinaingia mvuke. Nyumbani, ifute kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa hasa. Na karibu na madaraja au maeneo ya jeshi, lenzi ndefu kama hii inaita maswali, uliza kwanza.

Ukinunua iliyotumika Kariakoo, usiridhike na picha ya meza ya duka. Toka nje, vuta hadi mwisho mara tano ukisikiliza mota: mkwaruzo ni mchanga umeingia. Piga anga tupu kwa f/8. Madoa meusi yanayobaki palepale kila picha ni vumbi la ndani, na lenzi hii haifunguliwi kirahisi. Mwisho angalia betri imeandikwa EN-EL20a, kisha chomeka waya wa chaji na uutikise kidogo. Taa ikizimika, tundu la chaji limelegea, na bei ishuke au uondoke.