Reefer Madness: ya nyeusi na nyeupe au ya rangi?

Filamu hii ya Marekani ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Louis Gasnier, ilianza kama mahubiri kwa wazazi kuhusu bangi, ikaishia mikononi mwa wauza kashfa wa sinema. Mwaka 2004 ilitolewa toleo la rangi, na ubishi haujaisha.

Kwa gharama, ya zamani inashinda bila jasho. Haina hakimiliki Marekani, hivyo inapatikana bure mtandaoni. Shida ni kwamba nakala hazilingani: nyingine zina mikwaruzo na sauti inakoroma hadi maneno yanapotea. Toleo la rangi lilisafishwa, na macho hayachoki.

Kwenye uaminifu ndipo penye uzito. Katika toleo la rangi moshi unatoka kijani, zambarau, hata rangi ya chungwa, kulingana na hali ya mvutaji. Inachekesha kweli, lakini inakuamulia mapema kwamba ucheke. Tazama Ralph, mmoja wa wavutaji katika filamu, anavyomhimiza mwenzake Blanche apige kinanda kwa kasi zaidi, macho yamemtoka: katika nyeusi na nyeupe unaona jinsi hofu ilivyopikwa kwa taa chache na seti za bei poa. Mimi tukio hilo hunishika kila mara.

Unafundisha historia ya sinema au propaganda? Chukua ya zamani, ila kagua sauti kwanza. Mnakaa marafiki Jumamosi usiku, na wengine hawavumilii picha zisizo na rangi? Wekeni ya 2004.