Makumbusho ya wanawake hapa Iringa mjini, pitieni jamani

Kachumba kenyewe kadogo, ila dada anayetembeza wageni anaijua kazi yake kwelikweli. Ukuta wa Bibi Titi Mohamed ndo umenimaliza, yaani shuleni tulipitia jina lake juujuu tu kumbe alikuwa mwimbaji wa lelemama, ile ngoma ya akina mama, kule Dar, na 1955 akapitia humohumo kwenye vikundi vya ngoma kuwaandikisha akina mama TANU, chama kilichopigania uhuru, wakati huo watumishi wa serikali wamepigwa marufuku kujiunga, sasa nani angebeba chama kama sio wale mama wauza vitumbua na wapika pombe! Lucy Lameck, mwanasiasa mwenzake wa enzi za uhuru, yupo pia ila maelezo kiduchu.

Kilichoniudhi, Mama Anna Makinda wetu wa Njombe, spika wa kwanza mwanamke Tanzania, 2010 hadi 2015, picha yake wameibandika nyuma ya mlango, mlango ukifunguliwa haonekani kabisa. Maandishi nayo madogo, shangazi ilibidi nimsomee yote. Na mama wa Kihehe, wenyeji wenyewe wa hapa, hata mmoja sijamwona, Iringa hiihii?

Nyota 4. Picha za simu ruksa, flashi hapana.