Slash kwenye mvua ya Goma: gari haiogopi maji, beringi ndio zinaogopa

Naanza na jibu, juu nikipita na hii kagari pale Himbi watu wananiuliza swali moja tu: eti kweli inapita kwenye maji? Inapita. Traxxas Slash, kagari ka kuchezea ka telekomande ka saizi ya 1/10 ya gari ya kweli, ile inasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, inaingia kwenye dimbwi, inarushia watu matope, inatoka upande wa pili inaendelea, na mvua ikikukuta katikati ya mchezo hauna haja ya kukimbilia nyumbani. Ya kwangu imeshaona misimu ya mvua na upande wa umeme hakuna kitu kimekufa. Ile ambayo wauzaji hawakuambii ni kazi ya kisha, na hapa kwetu Goma hiyo kazi ni nzito kuliko fasi zingine juu ya makoro, haya mawe ya lava.

Kwanza tuelewane ni nini hasa inavumilia maji. Kontrola ya moteri, ile XL-5, imezibwa. Servo, kale kamoteri ka kukatisha kona, imezibwa. Risiva, ile inapokea amri za telekomande, iko ndani ya kasanduku kake kenye kauchu ya kuzuia maji kwenye kifuniko. Basi, imeishia hapo. Telekomande haivumilii mvua hata kidogo, na hiyo ndio watu wanasahau, unakuta gari inaogelea vizuri na mwenyewe amesimama kwenye mvua na telekomande wazi mkononi. Mimi naifunika na sashe nyepesi ya plastiki ya kuonesha ndani, siyo nzuri kwa macho lakini inafanya kazi. Batri nayo ni habari ingine, ya aina ya NiMH unaweza kulowanisha kidogo ukaikausha, lakini kuko za LiPo (za litiamu) ambazo maji kidogo tu yanazipiga shoti, kwa hiyo uliza juu ya batri yako kabla ya kuuliza juu ya gari. Na kama unatumia LiPo hakikisha taa ya XL-5 inawaka kijani, siyo nyekundu, kijani ndio inakulinda batri isishuke chini sana. Yule aliyeniuzia alinambia "hii ni etanshi kabisa yaya, weka hata ku ziwa", yaani eti maji hayaingii kabisa. Kijitabu kilichokuja na gari kinasema ingine: haikutengenezwa kwa kuzamishwa, na maji ya bahari ama yenye chumvichumvi usiipeleke kabisa.

Sasa hayo makoro. Munajua vile mji wetu uko, lava ya 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ile ya 2021 ikasimama Buhene, na kati ya hizo mbili watu wamevunja mawe wamemwaga kwenye avenii na kwenye viwanja, kwa hiyo ukichimba fasi yoyote unapata ule muchanga mweusi wenye kukwaruza. Matope ya Masisi yananata, ni kweli, lakini yakikauka unapangusa yanatoka. Haya ya kwetu yana chembe ngumu ndani, maji yanazibeba mpaka fasi ambazo vumbi peke yake isingefika, maji yanakauka, chembe zinabaki. Chukua kidogo ya yale matope usugue kati ya vidole viwili utaelewa, ni kama msasa uliochanganywa na supu. Sasa fikiria hiyo kitu ndani ya kaberingi ka milimita 5 kwa 11 kwa 4, ndio saizi ya beringi za magurudumu ya hii gari, kanazunguka kwa spidi ambayo gari inakaribia kilomita 48 kwa saa.

Kwa hiyo ile nusu saa ya kwanza kisha ya kucheza ndio inaamua. Siyo kesho asubuhi. Kutu ya chuma inaanza usiku huo huo.

Vile mimi nafanya. Kabla sijaitoa kwenye barabara naitafutia fasi kavu, napiga mbio mara kadhaa za moto kabisa ili mipira iteme maji, juu ndani ya mipira kuko sifongo na sifongo ikishiba maji gurudumu linakuwa zito, moteri inachoka, na mpira unavimba ukikimbia. Mipira inatakiwa iwe na tundu ndogo za kama milimita 3 za kutoa maji, kama yako haina toboa. Kisha batri inatoka mara moja, konekta naipangusa, batri haiwekwi kwenye charge ikiwa imelowa wala ikiwa ya moto. Karoseri inatoka. Matope naosha na maji ya kawaida ya kumwaga polepole na mswaki wa zamani. Ile pampu ya nguvu ya kuoshea magari usiniletee, inasukuma chembe ndani ya beringi na inapita hata kwenye kauchu za kuziba, yaani kitu ambacho mvua haikuweza pampu inakimaliza.

Kisha naenda kwa kwado, fundi wa kuziba mipira ya magari. Nyumbani sina kompresa, na makopo ya hewa ya kupuliza kompyuta yanaisha haraka na bei yake hapa ni ya kulia, lakini kwado iko kila kona, anakuachia mupira wa hewa dakika tano kwa hela kidogo. Shida ni moja, kompresa ya kwado inalala na maji ndani ya tanki, hewa ikibanwa unyevu unageuka maji, na wengi hawafungui kale kabomba ka chini kuyamwaga. Ukipuliza gari yako moja kwa moja unairudishia maji. Puliza chini kwanza, kwenye saruji kavu ama kwenye kiganja cha mkono, mpaka usione unyevu. Yule kijana wa pale karibu na kwangu alishangaa mara ya kwanza, "yaya, unapuliza hewa bure?", nikamuonesha alama ya maji kwenye saruji, siku hizi anayamwaga yeye mwenyewe asubuhi kabla ya kuanza kazi. Na usielekeze hewa kwenye beringi ikiwa inazunguka bure, inaweza kuzunguka kupita kiasi ikiwa kavu na ukaiharibu pale pale. Macho nayo uyalinde, chembe za makoro zikiruka siyo mchezo.

Sasa WD-40. Kila mutu anaisifia, na mimi pia naitumia, lakini muelewe kazi yake. Inafukuza maji. Napuliza kwenye beringi, kwenye ekseli, kwenye visi zote, juu visi za hii gari ni za chuma cheusi na zikishika kutu kale katundu ka ufunguo kanakwisha ukijaribu kufungua. Naiacha gari juu ya kartoni, kwenye jua kama liko, na kwa masaa kadhaa itaendelea kutoa matone meusi ya maji na mafuta, usishangae, na usiiweke juu ya meza ya mama watoto. Lakini WD-40 siyo mafuta ya kubaki kwenye beringi. Ni nyepesi, inapotea, tena inaosha ile grisi iliyokuwa ndani, kwa hiyo ukiishia pale beringi yako inabaki tupu na mchezo wa kesho ndio unaimaliza. Mimi kisha naweka tone moja la mafuta ya cherehani, kale kachupa wanakouza mafundi wa nguo, unakakuta Birere, unakakuta Virunga, hakana bei. Tone moja kila upande, siyo kumwaga, juu mafuta mengi yanaita vumbi.

Kwa msimu wa mvua wenyewe nabadilisha: beringi za mbele naweka grisi ya boti, ile wanayotumia kwenye moteri za mitumbwi, muulize fundi yeyote wa moteri pale Kituku atakukatia kidogo. Ni nzito, gurudumu halizunguki kwa uhuru kama zamani na utasikia gari imepoteza kidogo, lakini maji hayapiti. Kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, narudia kwenye mafuta mepesi.

Namna ya kujua beringi imekufa usisubiri gurudumu likwame. Inua gari, shika gurudumu, zungusha polepole kabisa na mkono mwingine ushike kibebeo chake, usisikilize na masikio, sikiliza na vidole. Nzuri inateleza kimya. Mbovu inatoa vikwaruzo vidogo vidogo kwenye ncha ya kidole kabla haijaanza kupiga kelele yoyote. Ukiitoa, zile zenye kifuniko cha kauchu unaweza kukanyanyua na ncha ya sindano pembeni bila kuharibu, ukiona ndani kuko maji ya rangi ya kahawa, osha na alkoli, kausha, weka mafuta, itaendelea. Ukiona vigololi vimepoteza kung'aa vimekuwa vya kijivu, tupa. Zile za kifuniko cha chuma kwa mvua ya hapa mimi nimeziacha, hazizibi vizuri.

Moteri ya Slash ya kawaida, hii Titan 12T ya makaa, yaani ya brashi za kaboni, maji hayaiui hapo hapo, inakimbia hata ikilowa, lakini makaa yake yanakwisha haraka ukiizoesha madimbwi. Naitoa, naipuliza na dawa ya kusafishia moteri ama konekta, mafundi wa simu wanayo, kisha tone la mafuta kwenye busha, zile pete zinazobeba ekseli yake, za mbele na nyuma. Kwenye busha tu. Mafuta yakifika kwenye makaa yanashika unga wa makaa na moteri inaanza kutoa cheche mbaya. Na kama unajua siku hiyo ni ya matope mazito, weka pinion ndogo, lile gia la kwenye moteri, kabla ya kutoka, spidi inashuka lakini moteri na kontrola hazichemki.

Kasanduku ka risiva watu wanakasahau juu kamezibwa. Kenyewe ndio kafungue. Unyevu ukiingia hautoki, unabaki mle unakula pini kidogo kidogo. Mimi nikirudi nafungua kifuniko nakiacha wazi usiku mzima, na ile kauchu yake naipaka grisi ya silikoni kidogo nikifunga, siyo grisi nyeusi ya gari, hiyo inaharibu kauchu. Habari za kuzika vitu kwenye muchele achaneni nazo, tupakiti twa ndani ya kartoni za viatu tunanyonya unyevu vizuri kuliko muchele, na muchele unaachia unga.

Juu ya ziwa nisirefushe. Maji ya Kivu siyo ya bahari lakini yana chumvichumvi za volkano kuliko maji ya mvua, yakikauka kwenye shasi yanaacha alama nyeupe, kwa hiyo kama gari imechezea ufukweni osha na maji ya mvua kabla ya kitu chochote. Na usiifate kwenye maji ikikwama, vitu vyote hivi vinauzwa, wewe hauuzwi.

Kinachonichosha kwa kweli ni piese, vipuri vya gari. Tangu uwanja wa ndege ufungwe mwezi wa kwanza 2025, kila kitu changu kinapitia Kigali na Gisenyi, kinavuka mpaka pale Petite Barrière ndani ya mufuko wa mutu, na bei inapanda kwenye kila mkono kinapopita. Beringi ndio rahisi, ni saizi za kawaida, nanunua pakiti nzima kwa mara moja ya zile za kauchu, siagizi moja moja. Giabokisi ni kazi ingine, kisha ya msimu wa matope lazima ifunguliwe, ioshwe, ipakwe grisi mpya, na hiyo ni jioni nzima ya kukaa chini na vifunguo vya pembe sita, umeme ukikatika unaendelea na taa ya simu.

Pointi zangu: kwa kukimbia kwenye mvua, 9 kwa 10. Kwa urahisi wa kufungua na kurudisha, 8, visi nyingi zinaonekana bila kubomoa gari nzima. Kwa mutu ambaye akirudi nyumbani anataka kuitupa chini ya kitanda na kwenda kulala, nampa 3, anunue tu acheze kiangazi.

Na kama unanunua ya mukono wa pili hapa mjini, usidanganywe na karoseri mpya, karoseri ni plastiki tu. Omba kufungua gurudumu la mbele la kushoto na la kulia, zungusha vile nimesema, kisha angalia vichwa vya visi chini ya shasi. Vikiwa vyekundu vya kutu uliza bei ya nusu, ama uliza bei ya telekomande peke yake.