Longido kuangalia kaktasi zilizochanua: nendeni, ila ulizeni kwanza nani anawaongoza

Jamani kama uko Arusha au Moshi na unatafuta pa kwenda wikiendi, achana kidogo na Materuni na Chemka, hii safari ya siku moja ya Longido inalipa. Tumetoka mjini na Noah asubuhi, barabara ya Namanga lami tupu, ukishapita Oldonyo Sambu tu ukijani unakata, vumbi, upepo, migunga, halafu kwenye boma moja unakuta uzio wa kaktasi zile bapa kama sahani, zimechanua njano mwanzo mwisho.

Kijana aliyetuongoza ndo sababu naandika. Mwingine angesimamisha gari mpige picha muondoke, yeye katuweka pale karibu saa nzima na hakuna aliyechoka. Akachukua kijiti akagusa vile vinyuzi vya katikati ya ua, vikaanza kujikunja kwenda ndani polepole, mbele ya macho yetu kabisa! Kumbe ndo vinavyompaka nyuki ule unga wa njano akiingia. Akatuambia yale mabapa sio majani ni shina, majani yamegeuka miiba, na vitundu vya kupumulia vinafunguka usiku ili maji yasipotee na jua. Ua lenyewe siku moja, mbili kwa shida, limesinyaa.

Dada mmoja akataka kukata kipande akapande kwake, kijana akamkatalia kwa adabu, "hapana dada, hii ikidondoka tu inaota." Na yuko sahihi, mmea huu asili yake Amerika, kule Laikipia Kenya umeshavamia malisho na mifugo wakila matunda vimiiba vinawaumiza midomo mpaka matumbo. Hapo nimempenda sana maana angeweza kunyamaza apate tipu yake.

Chakula ndo wamezingua, wali wa baridi na kuku mgumu, kwa elfu sabini kwa kichwa wangejitahidi, na maji chupa moja ndogo kwa jua lile hapana kwakweli. Bebeni yenu. Bebeni na kibanio cha nyusi, kuna vimiiba vidogo mno pembeni ya ile mikubwa, huvioni ila vikishaingia kidoleni havitoki kirahisi. Na mwambieni dereva mfike kuanzia saa nne hivi, mapema sana mtakuta maua bado yamefumba. Watoto ruksa, ila wakifika kwenye uzio washikeni mkono.