Amitriptilini kwa maumivu ya sikio baada ya mkanda wa jeshi: uzoefu wangu

Mkanda wa jeshi watu wengi wanaujua wa kiunoni au kifuani. Wangu ulitokea sikioni. Malengelenge yalijaa sikio la kushoto, uso ukapinda upande huohuo, jicho likagoma kufumba, na hapa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, ninapouza dagaa wapo waliosema nimetupiwa kitu. Daktari wa masikio alisema ni kirusi kilekile cha tetekuwanga ya utotoni. Hakitoki mwilini, hujificha kwenye neva mpaka kinga ishuke. Mkanda ukishika sikio na uso hivi wanauita Ramsay Hunt, jina la daktari wa Marekani aliyeueleza mwaka 1907. Asiklovia ya kupambana na kirusi na prednisoloni ya kutuliza uvimbe nilipewa mapema, vidonda vikakauka, uso ukarudi polepole.

Maumivu yakabaki. Moto nyuma ya sikio, halafu shoti ya ghafla mpaka kwenye taya. Mtandio ukigusa tu, machozi. Upepo wa ziwani jioni ndiyo usiseme! Parasetamo na diklofenaki nilikunywa mpaka nikachoka bila nafuu, maana kidonda hakipo tena, neva yenyewe ndiyo imeharibika.

Ndipo nikaandikiwa amitriptilini, miligramu 10 usiku, baadaye 25. Dada wa famasi akaniuliza kwa sauti, mbele za watu, kama nina sonona. Ni kweli dawa hii ni ya sonona, ila kwa dozi ndogo hutuliza neva, kwa hiyo ukisoma karatasi iliyomo kwenye boksi usishtuke.

Mwanzoni ilinipa usingizi tu, na hata huo niliushukuru. Maumivu yalianza kulegea baada ya wiki kadhaa, na nadhani wengi huwa wameshaitupa kufikia hapo. Sasa mtandio navaa. Shoti bado inanipiga mojamoja, hasa nikikosa usingizi.

Ubaya wake: mdomo unakauka, chupa ya maji haitoki mkononi, choo nacho kigumu. Asubuhi kichwa kizito, na mimi alfajiri natakiwa kwenye dagaa, kwa hiyo naimeza saa mbili usiku, sisubiri kupanda kitandani. Bei haikunitisha kama ya pregabalini, dawa nyingine ya maumivu ya neva niliyotajiwa kwanza. Mwenye matatizo ya moyo, presha ya macho au tezi dume amwambie daktari kabla hajaandikiwa. Na usiikatishe ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo.