Seti ya kuoteshea mboga kwa watoto: trei safi, mbegu zimechaguliwa ovyo

Ndani ya boksi mna trei ya tundu 12 yenye mfuniko angavu, vidonge 12 vya makumbi ya nazi (ndimo mbegu hupandwa), vibao vya majina, kopo dogo la kumwagilia na pakiti nne za mbegu: nyanya, saladi, karoti na pilipili hoho.

Watoto watavipenda vidonge kuliko kitu kingine. Kikiwa kikavu kidonge ni chembamba kama biskuti. Kimwagie maji ya uvuguvugu, na kabla mtoto hajachoka kukitazama kimefura mara kadhaa ya kimo chake. Tatizo ni kwamba mkono wa mtoto haujui kiasi. Kibinye kidogo: kikichuruzika, kimelowa mno. Mbegu itaoza, au itaota kisha ipigwe na kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoua miche: shina linywee pale linapotokea na mche ulale chini. Kwa sababu hiyo hiyo, ondoa mfuniko miche ya kwanza inapochomoza, usisubiri yote.

Maelekezo yanataka kila mbegu ifukiwe sentimita 1. Nyanya haina neno. Saladi huhitaji mwanga ili iote, kwa hiyo iweke juu ya kidonge na uigandamize kwa kidole tu. Ukiifukia kina hicho utaambulia miche miwili mitatu na mtoto aliyenuna.

Karoti haikupaswa kuwemo kabisa. Inaweza kuchukua wiki tatu kuota, na mzizi wake ukisumbuliwa wakati wa kuhamisha, unapata karoti fupi zenye miguu miwili. (Watoto watazicheka, hiyo ni faida pekee.) Hoho nayo ni ya mtu mwenye subira. Nunua maharage na figili, uzisie moja kwa moja bustanini au kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Harage hushikika kwa vidole vidogo. Lifukie sentimita 2 hadi 3, na udongo ukiwa na joto, ndani ya siku 10 hivi utaona ardhi inapasuka na shingo iliyopinda ikijinyoosha. Figili huota siku 3 hadi 5 na huvunwa kama mwezi mmoja baadaye. Mbegu zenye rangi ya waridi au bluu kali kwa kawaida zimepakwa dawa. Zisifike mikononi mwa mtoto.

Kopo la kumwagilia libaki kuchezewa. Matundu yake ni makubwa, yanafukua mbegu. Tumia chupa ya kupulizia, au mimina maji chini ya trei na umwage yaliyobaki baada ya nusu saa.

Wekeni mbegu mbili kila tundu, kisha mche dhaifu ukatwe kwa mkasi. Ukiung'oa unasumbua mizizi ya jirani. Hapa hutokea vilio. Vichipukizi vya saladi vinalika, vya nyanya havifai kuliwa.

Miche ikirefuka na kupauka, imekosa mwanga: isogezwe dirishani penye jua zaidi. Kabla ya kuipanda nje, izoesheni jua na upepo kwa siku 7 hadi 10, mkianza na saa moja kivulini. Na maelekezo yamesahau jambo moja: chaneni wavu unaozunguka kidonge kabla ya kukizika, kwani mara nyingi hauozi haraka na mizizi hubanwa humo.